Yai la kienyeji: Je, unafahamu unacholipia?

Na MWANDISHI WETU

UKIINGIA katika duka lolote mtaani jijini Nairobi na kuomba mayai, swali la kwanza utakaloulizwa ni: "Ya gredi au ya kienyeji?" Ukijibu ya kienyeji, muuzaji atainama chini ya kaunta na kukutolea kreti nyingine, yenye mayai madogo kidogo na ya rangi mbalimbali, kisha akuitishe bei ambayo itakufanya ufikirie tena. Katika duka lililo karibu na ninapoishi, yai la gredi ni Sh18 na la kienyeji ni Sh30.

Hata hivyo watu hulipa. Hulipa kwa sababu wameambiwa kuwa yai la kienyeji lina nguvu, halina dawa, haliletei mtu ugonjwa wa moyo na ndilo linalomfaa mtoto na mgonjwa. Jirani yangu mmoja, ambaye hujipatia riziki kwa kufulia watu nguo, alishauriwa katika kliniki ampe mwanawe wa miezi 10 mayai. Yeye alichukulia kuwa mayai yanayosemwa ni ya kienyeji. Kwa hivyo mtoto hupata mayai mawili kwa juma, ambayo humgharimu mamake Sh60. Kwa pesa hizo hizo angepata matatu ya gredi na chenji ikabaki.

Je, mama huyo anafanya vyema au anapoteza pesa zake? Swali hilo ndilo lililonifanya niamke alfajiri siku moja ya juma lililopita nikapanda matatu ya kupitia Ruaka na Banana hadi Tigoni, katika Kaunti ya Kiambu, kulitembelea shamba ambako kuku wanafugwa kwa njia huria na mayai yao kuuzwa Nairobi.

Ukungu ulikuwa bado umetanda juu ya mashamba ya majani chai nilipofika. Mwenye shamba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye aliomba tusitaje jina lake kwa sababu wezi wa kuku, alisema, nao husoma magazeti. Kila mtu pale humwita Mwalimu, nami nikamwita hivyo hivyo.

Hakunipa mkono. Alinielekeza kwenye karai pana lililojaa maji ya dawa mbele ya lango na kuniuliza kwa sauti ile ya walimu: "Juzi na jana ulikuwa mahali penye kuku?"

Nilikiri kuwa Jumapili nilikuwa nimemtembelea shangazi yangu huko Dandora, na kwamba ana kuku sita ambao hushinda wakizurura nje.

"Basi viatu hivyo vitabaki hapa," akasema, na kijana wake wa kazi akaniletea buti za mpira na koti la buluu lililonifika magotini. Baadaye nilielewa kwa nini alikuwa mkali hivyo.

Wanaposubiri mlango kufunguliwa

Shamba la Mwalimu lina ekari tatu zilizotengewa kuku na kuku 900, ambao hulala katika nyumba tatu, 300 kila moja. Nyumba ni za mbao na mabati, zenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, na pande zake za juu zimewekwa waya ili hewa ipite. Ndani sakafu imetandazwa maranda. Kuna fito za kulalia zilizopangwa kama ngazi, na kando ya ukuta viota 60 vyenye giza giza vya kutagia.

Nilidhani kuku wanaofugwa huria hufunguliwa jua linapochomoza. La hasha. Mwalimu huwafungua saa nne asubuhi. Sababu ni kwamba kuku wengi hutaga asubuhi, na ukiwaachilia mapema watataga vichakani. Yai la kichakani huliwa na nguchiro au hupatikana baada ya wiki mbili likiwa limeoza, na likichanganyika na mengine linaweza kukuharibia jina kwa mteja.

Ilipotimu saa nne kijana wa kazi alifungua kimlango kilicho chini ya ukuta. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisahau. Kuku walitoka wakisukumana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni katika kituo cha matatu, mabawa wazi, kisha walipofika kwenye nyasi wakatulia ghafla. Kila mmoja akaanza shughuli yake. Wengine walidonoa majani, wengine wakachakura chini ya miparachichi, na wengine wakalala ubavu katika mchanga mkavu na kujirushia vumbi. Mwalimu alinieleza kuwa huko ndiko kuoga kwao. Vumbi huondoa chawa na utitiri.

Niliwatazama kwa makini nikagundua kwamba karibu wote walikuwa wa rangi moja, hudhurungi iliyokolea, wenye miili inayolingana.

"Mwalimu," nikauliza, "hawa ni kuku wa kienyeji kweli?"

Alicheka. "Hao ni gredi. Ni wale wale unaowaona katika mashamba ya vizimba. Wa kienyeji walioboreshwa ninao 300 tu, katika ile nyumba ya tatu."

Msomaji, hapa ndipo mkanganyiko wetu mkubwa ulipo. Sisi wakazi wa mjini tunalichukulia neno kienyeji kana kwamba linamaanisha kuku anayetembea nje. Lakini kienyeji ni aina ya kuku, na huria ni namna ya kufuga. Kuku wa gredi anaweza kutembea nje akala nyasi na wadudu, na kuku wa kienyeji anaweza kufungiwa chumbani tangu akiwa kifaranga hadi siku ya kuchinjwa, akila chakula cha dukani pekee. Wafugaji wengi wa pembezoni mwa miji hufanya hivyo siku hizi kwa sababu hawana ardhi, na mayai yao huuzwa kama ya kienyeji, jambo ambalo si uongo. Ni kwamba mnunuzi anaponunua neno hilo huwa amepiga picha nyingine kichwani mwake.

Mwalimu anawafuga wa gredi kwa sababu ya hesabu. Kuku wa gredi aliyetunzwa vizuri hutaga mayai 300 hivi kwa mwaka. Wa kienyeji walioboreshwa hutaga yapata 200. Yule kuku wa nyumbani kwa nyanya yako huko mashambani hutaga mayai kati ya 10 na 15, akaacha na kuanza kuatamia. Siku niliyofika ziliokotwa kreti 22, na Mwalimu alisema hiyo ni siku ya kawaida. Anaziuza kwa Sh600 kila kreti, yaani Sh20 kwa yai, na humweleza kila mteja wazi kuwa mengi ni ya kuku wa gredi wanaokwenda malishoni.

Mteja mmoja mwenye duka jijini aliyakubali maelezo hayo, akanunua kwa miezi kadhaa. Kisha siku moja Mwalimu alipita dukani humo akayakuta mayai yake katika kikapu kizuri cha kiondo, yakiuzwa Sh35 na kibandiko cha "Kienyeji Asili". Hakupiga kelele. Aliacha tu kumpelekea.

Nyasi si chakula cha kutosha

Kuna watu wanaodhani kuwa kuku wa huria hana gharama kwani anajitafutia. Mwalimu alinionyesha ghala lake na magunia ya chakula yaliyofika karibu na paa. Kuku mmoja anayetaga hula gramu 120 hadi 130 za chakula kwa siku. Kuku 900 humaliza zaidi ya kilo 100 kila siku, wawe wanatoka nje au wasitoke. Kwa kweli wanaotoka hula zaidi kidogo, kwa kuwa wanatembea na kupigwa na baridi, na baridi ya Limuru mwezi wa Julai si mchezo.

Nyasi, wadudu na mbegu huongezea tu juu ya chakula hicho. Kila yai lina gramu 6 hivi za protini, na ganda lake ni chokaa tupu. Kuku anahitaji gramu 4 hivi za kalisiamu kila siku ili alitengeneze, naye hawezi kuzipata kwa kudonoa majani. Asipopewa chokaa katika chakula, atazitoa katika mifupa yake mwenyewe mpaka miguu imshinde.

Lililonishangaza zaidi ni mwanga. Kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatuna siku ndefu wala fupi; jua hutupa saa 12 mwaka mzima. Kwa hivyo hata katika shamba hili la "kiasili" kuna balbu, nazo huwashwa saa kumi alfajiri.

Malisho yenyewe yamegawanywa kwa nyavu. Kila nyumba ina sehemu mbili, na kuku wanapotumia moja nyingine hupumzishwa majuma kadhaa. Nilipouliza iwapo ni kwa ajili ya nyasi kuota tena, Mwalimu alisema hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni minyoo na viini vya kuhara damu, ambavyo hutoka katika kinyesi na kusubiri udongoni. Kuku akiachwa mahali pamoja daima, hatimaye anakula kinyesi chake mwenyewe. Ukiona uwanja wa kuku ambao ni udongo mtupu, wenye matope karibu na mlango na bila hata jani moja, usivutiwe na neno huria lililoandikwa langoni.

Katika nchi za Muungano wa Ulaya jambo hili lina sheria. Vizimba vidogo visivyo na kiota wala ufito vilipigwa marufuku huko kuanzia Januari 1, 2012. Yai likitaka kuitwa la huria ni lazima kila kuku awe na mita 4 za mraba za nje, na ganda hupigwa muhuri wa tarakimu: 0 ni la kilimo asilia, 1 ni la huria, 2 ni la kuku wa ndani wasio vizimbani, na 3 ni la vizimbani. Kwa hesabu yangu kuku wa Mwalimu wana zaidi ya mita 13 kila mmoja. Lakini hakuna muhuri wowote kwenye mayai yake wa kumwambia mnunuzi hivyo. Mnunuzi wa Nairobi hana budi kuamini, au kupanda matatu kama nilivyofanya mimi.

Kiini cha njano kina siri gani?

Mwalimu alinikaangia mayai mawili jikoni mwake, na kiini chake kilikuwa cha rangi ya machungwa iliyoiva. Nilimwambia hilo ndilo yai la kweli. Akanitazama kwa huruma.

"Rangi hiyo naweza kukupa hata bila kumtoa kuku nje," akasema. "Nikimpa mahindi ya njano na sukuma wiki, kiini kitakuwa hivyo. Nikimpa mahindi meupe kitafifia. Na kuna viwanda vinavyotia rangi katika chakula."

Ni kweli. Rangi ya kiini hutokana na karotini zilizomo katika anachokula kuku. Rangi ya ganda nayo ni suala la aina ya kuku tu. Ganda liwe jeupe, la kahawia au la kijani, halina uhusiano wowote na nguvu iliyomo.

Je, basi hakuna tofauti? Ipo, na tusiidharau. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani walilinganisha mayai ya kuku waliokula nyasi na ya wale wa vizimbani. Waliyapata ya malishoni yakiwa na vitamini E maradufu na mafuta ya omega-3 zaidi ya maradufu. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa kiini cha kuku wanaopigwa na jua kina vitamini D mara tatu hadi nne ya kile cha kuku waliofungiwa. Kuku hutengeneza vitamini hiyo kwa jua kama sisi tunavyofanya.

Lakini tazama kisichobadilika. Protini ni ile ile. Kalori ni zile zile, yapata 70 kwa yai. Vitamini B12 na kolini, ambayo ni muhimu kwa ubongo wa mtoto, zimo tele katika yai lolote. Kolesteroli nayo haipungui kwa sababu kuku alitembea. Kiini cha yai kubwa kina miligramu 180 na ushee, awe wa kienyeji au wa gredi. Anayesema yai la kienyeji halina kolesteroli anakudanganya.

Kuhusu kolesteroli hiyo, hofu ya zamani imepungua. Marekani iliwahi kuwashauri watu wake wasizidishe miligramu 300 kwa siku, lakini iliuondoa mpaka huo katika mwongozo wake wa lishe wa 2015 hadi 2020. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 katika BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, haukupata kuwa kula yai moja kwa siku kunaongeza magonjwa ya moyo kwa watu walio wazima. Kwa wagonjwa wa kisukari matokeo hayakuwa ya kutuliza moyo vile, na mgonjwa kama huyo na azungumze na daktari wake. Mafuta unayokaangia yanafaa kukutia hofu zaidi kuliko yai.

Na yule jirani yangu? Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apewe nyama, samaki au mayai kila siku. Nchini Ecuador watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walidumaa kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wenzao, kulingana na utafiti wa mwaka 2017, ingawa utafiti kama huo nchini Malawi haukupata faida hiyo ya kimo. Humu nchini, takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Maneno ya WHO ni "kila siku". Hakuna mahali pameandikwa "kienyeji". Mayai matatu ya gredi kwa juma yatamfaa mtoto yule kuliko mawili ya bei ghali, na kama Sh12 za tofauti kwa kila yai zingenunua omena, ingekuwa bora zaidi.

Dawa na siku za kungoja

Nilimuuliza Mwalimu kuhusu dawa, kwani hiyo ndiyo hofu kuu ya wateja. Hakuzunguka. Kuku wake huchanjwa dhidi ya mdondo, Gumboro na ndui, na akasema mtu anayejigamba kuwa kuku wake hawachanjwi hana kuku wengi au hatakuwa nao kwa muda mrefu. Chanjo haimdhuru mla yai.

Antibiotiki ni jambo jingine. Kuku akitibiwa kwa dawa hizo, mabaki yake huingia katika yai, na kila dawa huwa na siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ambazo mfugaji anapaswa kungoja kabla ya kuuza. Miaka michache iliyopita Mwalimu alipata oda kubwa ya hoteli, akanunua kuku wazima 50 sokoni ili kujaza pengo. Baada ya juma moja kuku walianza kukoroma na kuzungusha shingo. Ulikuwa mdondo, ulioingia na wageni hao kabla ya siku ya chanjo ya kundi lake. Alipoteza kuku zaidi ya 200. Waliosalia walishambuliwa na maradhi mengine ya kifua, na daktari wa mifugo akawaandikia dawa yenye siku saba za kungoja.

"Siku saba nilizika mayai," alisema. "Nilichimba shimo pale nyuma ya choo. Kreti kumi kwa siku, na shule inadai karo ya kitinda mimba wangu. Jirani aliniambia, 'Mwalimu, nani atajua?' Ni kweli, hakuna ambaye angejua."

Tangu siku hiyo hakuna kuku mzima anayeingia shambani mwake, wala kiatu kilichokanyaga kwa kuku wengine.

Kuku wa nje, isitoshe, ana hatari zake mwenyewe. Hukutana na ndege wa porini wanaobeba homa ya ndege, ugonjwa uliozuka Uganda mwezi wa Januari 2017 na kuifanya Kenya ipige marufuku kuku na mayai kutoka huko. Bakteria ya salmonela nayo haibagui. Uingereza iliingiwa na hofu kubwa kuihusu mwaka 1988, na iliwachukua wakulima wake miaka mingi ya chanjo na ukaguzi hadi Oktoba 2017, wakuu wa usalama wa chakula huko walipowaruhusu wajawazito na watoto kula mayai mabichi kidogo yenye muhuri wa simba. Sisi yai letu halina muhuri huo. Lipike mpaka kiini na ute vigande, hasa la mtoto, la mjamzito, la mzee na la mgonjwa. Na usilioshe kwa maji baridi kabla ya kulihifadhi: ganda lina maelfu ya vitundu na utando mwembamba unaovifunika, na ukiuondoa utando huo umewafungulia viini mlango. Lenye kinyesi lipanguse kwa kitambaa kikavu, ulitumie kwanza.

Kuku wa shangazi

Tulipokuwa tukinywa chai Mwalimu alinirudisha kwenye jambo ambalo nilidhani amelisahau.

"Hao kuku wa shangazi yako huchakura wapi?"

Nilimweleza: barabarani, kwenye mtaro, na kwenye kiwanja ambako watu huchoma taka. Jaa kubwa la Dandora haliko mbali. Alitikisa kichwa.

Niliporudi mjini nilifuatilia nikaelewa. Kuku anayechakura humeza udongo kila siku. Kilichomo udongoni huingia mwilini mwake, na sehemu yake huishia katika kiini cha yai. Mwaka 2005 wanamazingira walichukua mayai ya kuku wanaozurura karibu na jaa la Dandora yakapimwa, na ndani yake ikapatikana dioksini, sumu inayotokana na kuchoma plastiki na takataka, kwa kiwango kilichozidi mara kadhaa kile kinachoruhusiwa katika nchi za Ulaya. Dioksini hukaa katika mafuta, na kiini kina mafuta. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita. Hata Sydney, jiji tajiri la Australia, watafiti waliripoti mwaka 2022 kuwa mayai ya kuku wa nyuma ya nyumba yalikuwa na risasi mara 40 ya yale ya dukani kwa wastani, kwa sababu ya udongo uliochafuliwa na rangi za kale na moshi wa magari.

Kwa hivyo yai la kienyeji halisi, la kuku asiyefungwa wala kupewa dawa, ndilo linaloweza kuwa na sumu kuliko yote katika kreti, na si rahisi kulitambua kwa macho. Kiini chake kitakuwa cha njano nzuri kabisa.

Jumamosi nilikwenda Dandora na kreti ya Mwalimu. Shangazi aliyageuza mayai mkononi akauliza kama ni ya kienyeji.

"Ni ya gredi, shangazi, lakini kuku wenyewe wanakula nyasi."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyetapeliwa mjini. Kisha nikamweleza habari za udongo na za risasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikumbusha kuwa kuku hao wamemlipia binti yake karo tangu kidato cha kwanza, na kwamba wajukuu wake ndio wanaokula mayai wakati hakuna kitu kingine. Sikuwa na jibu la hilo.

Mwishowe ni yeye aliyeuliza kama kuwafungia kungesaidia. Kungesaidia: kijumba cha mabati chenye sakafu ya saruji, maranda juu yake, na chakula cha dukani badala ya kuchakura. Mbao anazo. Tulipiga hesabu nyuma ya bahasha: kuku sita, gramu 125 kila mmoja, kilo 23 hivi kwa mwezi. Akasema hizo ni pesa nyingi kwa kuku waliokuwa wakila bure. Tulikubaliana nitalipa nusu.